Dirisha jeusi la Bur Dubai

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Mimi nilikuwa Bur Dubai, mtaa wa Al Raffa, nikipiga simu za Dar es Salaam zisizopokelewa. Kulikuwa na mambo mazito kuliko programu za kompyuta siku zile, watu walizika. Nilichotaka kujua kwanza ni kama vijana wetu wawili wanaotuandikia programu wakiwa Sinza wapo salama. Mtandao uliporudi mwanzoni mwa Novemba, ujumbe ulioingia ulisema: "Shikamoo kaka, tupo wazima, nyumbani wote hawajambo." Nikashusha pumzi. Muda si mrefu seva yetu ikaanza kupokea kazi yao ya siku zote zile, kila badiliko na saa yake, kila moja na sababu yake. Hawakuwa wamelala. Kila mmoja aliandika kwenye kompyuta yake, na mchana walipopata upenyo walipelekeana kazi kwa flashi, nyumba hadi nyumba.

Bosi mmoja wa kampuni jirani, ambaye naye ana wafanyakazi Dar, aliniuliza tuliwezaje. Kwake zile siku zilikuwa sifuri: hakuna aliyeweza kufungua chochote, maana kila kitu kilikuwa "mtandaoni". Nilimjibu kwa neno moja, Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya programu, akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu aliyetajiwa jina la dawa. Jibu kamili ni refu, na linaanzia miaka mingi nyuma, hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama.

Nilifika Dubai mwaka 2012 na cheti cha kompyuta cha Dar es Salaam na anwani ya kitanda. Mgeni wa kipato chetu hapangi chumba hapa, anapanga kitanda. Kampuni iliyonichukua ilikuwa juu ya maduka ya kompyuta ya barabara ya Khalid Bin Al Waleed, pale ambapo kijana hukudaka mkono akuuzie laptopu kabla hujavuka taa. Tuliuza programu za stoo na ankara kwa wauza vitambaa wa Meena Bazaar na kwa mawakala wa mizigo wa ng'ambo ya hori, Deira, wanaopakia makontena ya Dar na Mombasa. Hao mawakala ndio walionipatia kazi: alihitajika mtu wa kuelewana nao kwa Kiswahili wanapokasirika.

Programu yote ilikaa kwenye folda moja ya seva. Ukitaka kurekebisha kitu unainakili kwenye mashine yako, unarekebisha, unairudisha. Pembeni yake zilijaa folda nyingine zenye majina ya kukata tamaa: mpya, mpya ya pili, mpya ya kweli, usiguse. Alhamisi moja jioni, watu wakikimbilia mapumziko, mwenzetu wa Lahore alirudisha folda yake juu ya ile ya mwenzetu wa Manila, aliyekuwa ameirudisha yake asubuhi. Jumamosi mwenye duka la vitambaa akapiga simu kwamba ripoti ya stoo aliyoahidiwa haipo. Tukaanza kutafuta. Ripoti iliandikwa upya, hilo ni kazi tu. Kilichotuumiza ni kwamba hakuna aliyeweza kusema ni nini kingine kimefutika pamoja nayo. Miezi mitatu baadaye bado wateja walikuwa wanatuonyesha.

Aliyetutoa huko alikuwa mtu mzima wa Kerala, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sote tulimwita cheta, kaka mkubwa kwa Kimalayalam, hata sisi tusiojua neno la pili la lugha hiyo. Siku moja aliniita kwenye meza yake, akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika `git init`. Kulikuwa tayari na programu za vitufe zinazofanya kazi ileile kwa rangi nzuri, nikamwuliza mbona tusitumie hizo. Akasema kitufe kinakwambia imekamilika. Amri inakulazimisha ujue imekamilika wapi. Siku nyingine, kazi yetu ikiwa imeshahamia humo, akainama chini ya meza yangu akachomoa waya wa mtandao, akaniambia niendelee na kazi.

Nikaandika badiliko. `git add`, kisha `git commit`. Likapokelewa. Nikafungua tawi jipya, yaani njia ya pembeni ya kufanyia kazi, likafunguka. Nikaandika `git log`, historia yote ikashuka kioo kizima, mpaka siku ya kwanza. "Seva iko wapi?" akauliza. Nikanyoosha kidole kwenye kabati la pembeni. Akacheka, akaandika `ls -a` kwenye folda yangu, ikajitokeza folda iliyofichwa, jina lake likianza na nukta: `.git`. Humo ndimo ilimokuwa historia nzima, kila faili kama lilivyokuwa kila siku. Kabati lilikuwa na nakala. Mimi nilikuwa na nakala. Mwenzetu wa Lahore alikuwa na nakala. Hakuna aliyekuwa na asili na wengine vivuli.

Kila badiliko lilikuja na namba ya ajabu ya herufi na tarakimu 40, ambayo kwa kawaida tunasoma saba za mwanzo. Nilidhani ni namba ya kubahatisha tu. Siyo: inakokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya badiliko lenyewe pamoja na namba ya badiliko lililotangulia. Ni daftari la madeni ambalo ukichana ukurasa mmoja, namba za kurasa zote zinazofuata zinakusuta. Ndiyo maana nakala kumi zilizotawanyika zinaweza kulinganishwa kwa kutazama namba moja ya mwisho. Zikifanana, kila kitu nyuma yake kinafanana.

Baadaye nilisoma chombo hiki kilivyozaliwa, nikaelewa kwa nini kilinikaa vizuri. Waandishi wa Linux, waliotawanyika dunia nzima, walikuwa wakitunza kazi yao kwa programu ya kibiashara iitwayo BitKeeper, waliyopewa bure kwa masharti. Mwaka 2005 ukatokea ugomvi kuhusu masharti hayo, na kampuni yenye programu hiyo ikaondoa ule ubure. Linus Torvalds, baba wa Linux, hakuhamia kwa mwenye nyumba mwingine. Aliketi mwanzoni mwa Aprili akaandika chombo chake, na tarehe 7 Aprili 2005 Git ilikuwa tayari inajitunza yenyewe. Juni ya mwaka huohuo toleo la Linux 2.6.12 likatoka likiwa limetunzwa na Git. Julai akamkabidhi Junio Hamano usimamizi, naye ndiye anayeusimamia mpaka leo. BitKeeper yenyewe iliachiwa huru mwaka 2016, wakati ambapo hakuna aliyekuwa anaiuliza.

Kwa hiyo chombo hiki kiliandikwa na watu waliofungiwa mlango, kwa nia kwamba mlango mwingine ukifungwa kazi isisimame. Vyombo vilivyokitangulia, kama CVS na Subversion, vilitaka mtandao hata kwa kuandika badiliko moja. Git inataka mtandao wakati wa kubadilishana tu, na hata hapo si lazima. Amri waliyoitumia vijana wa Sinza inaitwa `git bundle`: inafunga mabadiliko kwenye faili moja unaloweza kulitia kwenye flashi, na anayelipokea analivuta kana kwamba limetoka kwenye seva. Sikuwafundisha mimi. Waliisoma wenyewe Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari na Afrika Mashariki ikabaki inatambaa.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja na kodi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2018 Imarati zilianza kutoza VAT ya asilimia 5, nchi ambayo muuza duka alikuwa hajawahi kumkatia mteja kodi ya namna hiyo. Kuanzia Oktoba 2017 kila mteja wetu alitaka ankara mpya, yenye namba ya usajili ya tarakimu 15, yenye kodi iliyotengwa, na aliitaka jana. Tuligawana matawi, kila mtu na kipande chake. Desemba, wakati wa kuyaunganisha, Git ikagoma.

Ninaikumbuka skrini ile. Mstari wa alama saba za kona, `<<<<<<<`, chini yake maandishi ya mwenzetu wa Manila. Kisha alama saba za sawasawa. Kisha maandishi ya mwenzetu wa Lahore. Kisha alama saba za kona zikigeukia upande wa pili. Wote wawili walikuwa wamebadilisha mstari uleule. Mmoja alipiga kodi kwa kila bidhaa akakadiria hadi filsi, mwingine alijumlisha kwanza ndipo akapiga kodi. Chukua pakiti tatu za vifungo, kila moja dirhamu 4.50 na mstari wake. Kwa njia ya kwanza kila mstari una filsi 22 na nusu, unapanda kuwa 23, jumla 69. Kwa njia ya pili ni asilimia 5 ya 13.50, yaani filsi 67 na nusu, inapanda kuwa 68. Tofauti ni filsi moja, sarafu ambayo Dubai huioni mkononi mwa mtu. Lakini mhasibu wa duka lenye mistari elfu kwa siku anaiona, na kila jioni hesabu yake haifungi.

Enzi za folda, aliyerudisha wa mwisho angeshinda na sisi tungejua Februari. Safari hii chombo kilikataa kuchagua. Hakijui kodi, na hakijifanyi kujua. Kiliweka maneno ya wote wawili mezani kikasubiri. Wale wawili, ambao hawakuwa wakisalimiana vizuri tangu ile Alhamisi, wakashuka pamoja mpaka kwa mhasibu wa Meena Bazaar na kurudi na jibu moja: kwa mstari, kwa sababu mteja anayelalamika hunyooshea kidole mstari. Cheta akawalazimisha kuiandika sababu hiyo kwenye maelezo ya badiliko, na wahusika wote wawili. Tangu siku ile nikisikia mtu analalamika kwamba Git inamletea migongano, huwa nashuku kwamba mgongano ulikuwepo tayari, chombo kimekataa tu kuuficha.

Mwaka 2019 ulinifundisha kutofautisha chombo na duka. Wengi wetu tunaposema Git tunamaanisha GitHub, tovuti iliyoanza mwaka 2008 na ambayo Microsoft ilitangaza mwaka 2018 kuinunua kwa dola bilioni 7.5. Julai 2019 GitHub ilianza kuwawekea mipaka watumiaji wa Iran, Syria na Crimea, hasa kwenye hazina zao za msimbo za faragha, kwa kufuata vikwazo vya Marekani. Bur Dubai habari hiyo haikuwa ya mbali. Mtaa wa Bastakiya, unaoitwa leo Al Fahidi, ulipewa jina na wafanyabiashara waliotoka Bastak, kusini mwa Iran, na mpaka sasa kila jengo lina mtu mwenye mama yake ng'ambo ya Ghuba.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa mmoja wao, mwandishi wa programu wa kujitegemea. Hakuguswa, lakini hakungoja. Usiku huohuo alikodi seva ndogo, akabadilisha anwani kwa `git remote set-url`, akasukuma kila kitu huko. Msimbo na historia yake vilihama kabla chai ya karak haijapoa, kwa kuwa vilikuwa tayari kwenye laptopu yake. Vilivyomtesa ni vingine: orodha ya hitilafu zilizoripotiwa, mabishano na wateja, makubaliano ya nani afanye nini. Hivyo havikuwa ndani ya Git, vilikuwa mali ya tovuti, na alivinakili ukurasa kwa ukurasa kwa wiki kadhaa. GitHub ilipata kibali cha Marekani na Januari 2021 ikawarudishia Wairani huduma. Jirani yangu alifurahi, lakini hakurudi.

Hata bila siasa jambo ni hilohilo. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, tovuti nyingine ya aina hiyo, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa, na njia zao za akiba, zilipojaribiwa moja baada ya nyingine, hazikufaa. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma, na walieleza yote hadharani bila kujificha, jambo ninaloliheshimu. Msimbo wa watu haukupotea. Miongoni mwa yaliyopotea ni maoni na ripoti za hitilafu za saa zile.

Kisha likaja janga. Kuanzia tarehe 4 Aprili 2020 Dubai iliwekwa chini ya amri ya kutotoka nje saa 24, ukitaka kutoka unaomba kibali. Kazi yetu haikusimama hata siku moja. Kila mtu alikuwa na nakala kitandani kwake. Lakini wateja walisimama, na mishahara ikafuata. Katika nchi hizi za Ghuba kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye ajira. Ajira ikikatika, siku zinahesabiwa. Cheta aliondoka mwaka ule kwa moja ya ndege ambazo serikali ya India ilituma kuanzia Mei kuwarudisha raia wake. Hatukuagana kwa mikono. Aliacha mto wa kiti na msimbo wa miaka mingi.

Tarehe 7 Desemba 2021 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1 mapumziko ya wiki yatahama kutoka Ijumaa na Jumamosi kwenda Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa itakuwa nusu siku. Tulikuwa na wiki zisizofika nne, na programu yetu ya mishahara ilikuwa na neno Ijumaa limetapakaa kila kona. Waliobaki ofisini walikuwa wapya karibu wote. Nikafungua dirisha jeusi, `git grep` ikanionyesha palipoandikwa, `git blame` ikanionyesha nani aliandika na lini.

Karibu kote maelezo yalikuwa yaleyale ya uvivu: "nimerekebisha", "imekaa sawa", "nimebadili kidogo". Watu wenyewe walikuwa Manila, Lahore, Toronto, wengine hatuna namba zao. Sehemu moja tu, ile ya saa za ziada, haikuwa na jina la siku lolote. Ilisoma siku za mapumziko kutoka kwenye jedwali la nje. Nikaangalia badiliko hilo. Lilikuwa la cheta, la mwaka 2013, na chini ya kichwa chake aliandika kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba alikuwepo Dubai mwaka 2006 mapumziko yalipohama kutoka Alhamisi na Ijumaa, kwamba walikesha kurekebisha, kwamba kilichohama mara moja kitahama tena, na tafadhali mtu asiandike jina la siku ndani ya programu. Sehemu ile tuliirekebisha kwa kubadilisha mstari mmoja wa jedwali. Nyingine zote zilitula Desemba nzima.

Nilimtumia picha ya skrini. Alijibu kwa picha ya ng'ombe wake.

Mji huu ni wa watu wanaopita. Anayekufundisha kazi leo kesho yupo uwanja wa ndege na sanduku lililofungwa kamba, na anachokijua anaondoka nacho kichwani, isipokuwa kile alichokiandika mahali ambapo kila anayebaki anakimiliki. Ndiyo maana nakasirika kidogo, nakiri, ninapoona vijana wazuri wa Dar na Nairobi wanaacha sehemu ya maelezo wazi, au siku hizi wanaiachia akili mnemba iwajazie. Inajaza vizuri sana. Inaeleza nini kimebadilika, kitu ambacho naweza kukisoma mwenyewe. Kwa nini kimebadilika haijui, kwa sababu haikuwepo kwa mhasibu wa Meena Bazaar.

Wala sisemi watu wahame kwenye tovuti hizo. Sisi wenyewe tunazitumia, ni nyepesi, na kijana anayetafuta kazi humo ndimo anamoonekana. Ninachosema ni kwamba duka lisichukuliwe kuwa ndiyo bidhaa. Makubaliano muhimu yaandikwe ndani ya hazina yenyewe, kwenye faili la maandishi, yasafiri na msimbo. Na mtu anayeanza ajifunze amri kabla ya vitufe, hata kwa mwezi mmoja, ili siku kitufe kikikataa ajue kazi yake imelala wapi.

Wewe mwenye kampuni, mradi wa chuo, au programu ya zahanati inayotegemewa na watu, muulize leo mtu wako wa kompyuta: akaunti yetu ikifungwa usiku huu, historia ya kazi hii itabaki kwenye mashine za nani? Asipokuwa na jibu, nunua diski ya nje, mwambie aandike `git clone --mirror`, na kila Ijumaa aisasishe kwa `git remote update`. Kisha chukua diski hiyo ukaiweke nyumba nyingine.